Misalaba Mitatu kwa Jina Langu

8 Januari

Daktari Harrison amesema niandike. Kila siku niandike maji niliyokunywa, mkojo umekuwaje, na miguu imevimba au haikuvimba. Nikamwambia shule niliiacha darasa la sita. Akasema darasa la sita linatosha kuandika mkojo.

Basi naanza. Mimi ni Chengo, mtu wa Bamba, na huku nimekuja kukata miwa. Jana nilianguka mstarini jua likiwa utosini, na panga likanichana ugokoni. Nyapara wetu, Swabir, akanipakia nyuma ya pikapu mpaka hospitalini Msambweni. Kidonda wakakifunga, kisha wakanipa kichupa. Nilichokitoa kilikuwa cheusi kama chai iliyolala, na juu yake povu la kama sabuni. Wakatumbukiza kijiti. Kilikuwa manjano, kikatoka kijani. Daktari akaandika msalaba mmoja, ambao ndio kipimo cha chini, akasema ni protini, ile tunayoila kwenye kunde na samaki. Kazi ya figo ni kuizuia ibaki mwilini, na zangu zinaivujisha.

Kisha nikapelekwa kwenye dirisha la kumbukumbu. Hapo yupo binti anaitwa Hasina, kazi yake ni kuandika magonjwa ya watu kwa namba. Kila ugonjwa una namba yake, na wakubwa huko juu hawasomi jina, wanasoma namba. Yangu ni R80.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hii ndiyo nitakayozikwa nayo?"

"La, baba. R ni dalili tu. Ni sawa na kuandika kwamba nyumba ya fulani inatoa moshi. Hatujasema inaungua. Huenda ni jua, huenda ni homa, huenda ni dawa unazomeza. Urudi baada ya miezi mitatu. Ukiwa bado unayo, daktari atatuambia tuandike N, na N ndizo figo zenyewe."

"Na nikiwa sina?"

"R itabaki hapo kama habari ya zamani, nawe utashika njia yako."

Daktari amenikataza vidonge vya maumivu ya mgongo, vile tunavyonunua dukani kambini kila jioni. Amesema vinaua figo taratibu. Ameniandikia na barua ya kazi nyepesi.

9 Januari

Swabir amesoma barua, akakuna kidevu.

"Mzee Chengo, kazi nyepesi niliyo nayo ni pipa."

Pipa ni lile la maji ya kunywa, linakokotwa nyuma ya trekta. Anayekaa hapo huwachotea wakataji. Siku zote hupewa mama au mtu aliyeumia.

"Lakini nikuambie kama mtu na nduguye," akasema. "Ukirudi mwezi wa nne na protini hiyo hiyo, msimu ujao sina nafasi yako. Kampuni haitaki mtu wa figo. Usije ukanilaumu."

Maji, chupa mbili kubwa. Mkojo, povu.

10 Januari

Naishi chumba kimoja na Mangi, Mduruma wa kule Kinango. Tuna jiko moja, sufuria moja, na zamu ya kusonga ugali. Hapa kambini watu wengi wanatoka bara, wanaongea lugha yao ya mjini mbiombio, kicheko chao sikijui kinaanzia wapi. Mangi nasikilizana naye. Hakuna anayemfikia kwa kukata. Akiingia mstarini haangalii nyuma.

Nimempa vidonge vyangu vilivyosalia. Pakiti karibu nzima, haina haja ya kutupwa.

"Mungu akuzidishie ugonjwa," akaniambia, "nipate na viatu vyako."

Povu.

11 Januari

Povu.

15 Januari

Wakataji wakija pipani wananiamkia, "Shikamoo mama!" Nawajibu marahaba, nawachotea. Siku ya kwanza iliniuma. Leo kidogo.

Povu.

24 Januari

Nikiwa pipani naona mambo ambayo mstarini sikuyaona. Miwa ikichomwa usiku, asubuhi watu wanaingia kwenye majivu wakiwa weusi kama masizi, na joto linatoka juu na chini. Anayelipwa kwa kipimo hataki kusimama. Mangi tangu asubuhi mpaka adhuhuri amekuja kwa maji mara moja, akanywa kikombe kimoja amesimama, panga mkononi.

"Ongeza," nikamwambia.

"Nikiongeza nitakojoa, nikikojoa nitapitwa."

Povu, lakini dogo.

2 Februari

Nimempigia Jumwa, mke wangu. Simu anaichajisha dukani, kuipata ni bahati. Nikamwambia nimepewa kazi ya maji. Akauliza kama mvua imenyesha huku. Nikasema bado. Akasema na kule nyumbani bado. Tukakaa hivyo, kila mmoja anamsikia mwenziwe akipumua, mpaka salio likaisha.

Sikumwambia habari ya figo. Angeuliza maswali, na majibu ninayo ya darasa la sita.

9 Februari

Mangi amenenepa uso. Asubuhi akiamka mashavu yamejaa, macho yamekuwa vishimo vidogo. Nikamwambia, "Miwa unaila wewe, kampuni inasaga makapi."

"Wivu," akasema. "Mwili wa mtu aliyeridhika huo."

Mkojo, povu halipo. Nimetazama mara mbili.

19 Februari

Ramadhani imeingia. Swabir anafunga na bado anazunguka mashamba yote kwa miguu. Maji anawachotea wenzake kwa mkono wake mwenyewe nikiwa nimechoka. Nilimdhani mtu mkali. Ni mkali, ila si hivyo tu.

Hakuna povu.

20 Februari

Hakuna.

3 Machi

Joto. Hakuna povu. Hakuna habari.

21 Machi

Idi. Swabir kaleta pilau kambini, sinia mbili, wote tukala, Waislamu na sisi tusiosali popote. Mangi alivua soksi akae vizuri mkekani. Alama ya soksi ilibaki imezama kwenye mguu, pete nzima, mpaka tulipomaliza kula. Nikasema soksi zako zinabana. Akasema ni za mdogo wake.

30 Machi

Mawingu upande wa Shimoni. Hayakufika.

Siku ya kurudi hospitali inakaribia. Povu sijaliona mwezi mzima na zaidi, lakini mimi si kijiti. Protini inaweza kuwamo isitoe povu, nimesikia hivyo kwa mama mmoja pale hospitalini. Nikikutwa nayo, msimu ujao nitakula nini? Kule Bamba mahindi yamekauka miaka miwili mfululizo. Nina umri ambao hakuna nyapara mwingine atakayenitazama mara mbili.

7 Aprili

Leo jioni nimefanya jambo. Naliandika lilivyokuwa.

Mangi alikuwa anasonga ugali. Kesho natakiwa nipeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule wa kuamkia, na kichupa nilishapewa nikijaze huku huku kambini.

"Nipe wako," nikamwambia.

"Wangu nini?"

"Mkojo."

Mwiko ulimtoka mkononi. Alicheka mpaka jirani akagonga bati. "Watu wanaazimana chumvi, wanaazimana kiberiti. Wewe Mgiriama umekuja na lako!"

"Hujaugua hata siku moja tangu nikujue. Nikipeleka wako, kijiti kitabaki manjano, na Swabir ataniandika tena."

Akaona sitanii, akaacha kucheka.

"Nitakujazia mpaka mdomoni, mzee wangu. Wakikuuliza mbona una nguvu hivi, waambie umeoa tena."

8 Aprili

Mangi amenikabidhi kichupa alfajiri, cha moto bado, kimefungwa ndani ya mfuko. Nilikipeleka hospitali. Daktari Harrison alinikumbuka. Alichukua daftari hili, ukurasa wa jana nimeuchomoa na kuuacha kambini, akawa anasoma huku mtu wa maabara anapima. Alifurahi. "Mzee, umeandika kuliko wanafunzi wangu," alisema.

Kisha karatasi ikaja. Akaitazama, akalitazama daftari, akaitazama tena.

"Hapa umeandika povu limekwisha tangu mwezi wa pili."

"Ndiyo, daktari."

"Vidonge umeacha?"

"Nimeacha."

"Maji unakunywa?"

"Nakaa pipani, daktari. Nakunywa kama ng'ombe."

"Basi daftari linasema umepona, na kijiti kinasema misalaba mitatu. Kati ya hivi viwili kuna mwongo."

Alidhani nimeogopa, akashusha sauti. Akanieleza kwamba msalaba mmoja huweza kuletwa na jua ukaondoka wenyewe, lakini protini iliyodumu miezi mitatu na kupanda namna hii ni figo zinazokufa. Mtu wa hivyo akiendelea na jua na vidonge, atafika kwenye mashine ya kusafishwa damu, na wengine hawaifikii. Akasema nirudi Jumatatu nitolewe damu ajue zimeharibika kiasi gani.

Hasina aliandika N18. Akasema, "Pole sana, baba." Macho yake yalikuwa na maji, na mimi nikaona haya kupewa huruma isiyo yangu.

Nilikuwa nimefika barabarani ndipo kichwa kilipofunguka. Nilikuwa nimekasirika kwamba wamekosea, kwamba vichupa vimebadilishana. Havikubadilishana. Misalaba ni mitatu kweli, ni ya Mangi. Mashavu yale ya asubuhi. Pete ile ya soksi. Kikombe kimoja cha maji tangu asubuhi. Na vidonge, Mungu wangu, vile vyangu nilivyompa, na vingine amenunua mwenyewe kila jioni mbele ya macho yangu. Mambo yote niliyaona na nikayafanyia mzaha.

Nilikaa kwenye jiwe la mpaka wa mashamba hadi trekta ya mwisho ikanikuta. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumweleza mambo mazito, na huyo ndiye Mangi mwenyewe.

9 Aprili

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa mlangoni anafunga panga mpini mpya.

"Mangi, mkojo ule umetoka misalaba mitatu."

"Pole, mzee wangu."

"Si wangu ule."

Alikaza kamba, akaikata kwa meno. "Basi kijiti kibovu."

"Tazama miguu yako."

"Miguu ya mkataji huvimba. Ya Swabir imevimba, naye hakati."

"Twende wote Jumatatu. Wakupime wewe kwa jina lako."

Hapo ndipo alipoliweka panga chini.

"Nisikilize. Jumatatu wewe nenda na mkojo wako, na damu yako. Vitatoka safi. Daktari atasema kijiti cha siku ile kiliharibika, mambo yaishe. Wewe una kazi, mimi nina kazi. Nani ameumia?"

"Wewe."

"Nimekuambia naumwa?" Alikuwa anapaza sauti sasa. "Nina watoto wanne, Chengo, na mama kipofu. Nikiandikwa hiyo N yako, nitawalisha namba? Nilikupa kitu kwa wema. Mtu haombi kitu kwa mwenziwe kisha akaenda kukichungulia."

Kwa upande wake anasema kweli.

10 Aprili

Mvua imeshuka, ile yenyewe. Hakuna kukata. Mangi hasemi. Amepika chakula chake peke yake.

11 Aprili

Mvua. Hasemi.

12 Aprili

Mvua mchana kutwa. Bati linapiga kelele hata ningekuwa na mtu wa kuongea naye tusingesikizana. Mangi alilala baada ya chakula, mguu nje ya shuka. Nilimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole, polepole. Shimo likabaki. Nikangoja lijae. Nilimaliza kukinga maji ya mvua, nikaosha sufuria, nikarudi kutazama, na alama ya kidole changu ilikuwa bado ipo.

Kesho nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu. Hata Mangi atanirudia, tutapika pamoja tena, atanitukana tena. Ninamtamani mtu huyo anirudie. Nimekaa kambi sita za miwa na sikupata mwingine.

13 Aprili

Nimesema.

Nilianza dirishani kwa Hasina maana kwa daktari niliogopa. Nikamwambia, "Mwanangu, ile N18 uliyoniandikia, mkojo ule haukuwa wangu."

Aliacha kuandika. "Ulikuwa wa nani?"

"Wa mtu ambaye hajui kwamba anakufa. Anajua, ila hataki."

Akanishika mkono kama mtoto akanipeleka kwa daktari. Daktari Harrison alinigombeza mbele ya watu, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama najua dawa alizotaka kunianzishia zingenifanya nini. Kisha akanipa kichupa, akamtuma mtu wa maabara asimame nje ya mlango wa choo, mlango wazi. Umri wangu huu. Kijiti kikabaki manjano. Wakatoa na damu.

Tukarudi dirishani, daktari nyuma yetu. Nilitaka Hasina aifute ile N kabisa, isiwepo. Akakataa.

"Hatufuti, baba. Tukifuta, kesho mtu atauliza kulikuwa na nini hapa, na hakuna atakayejua." Alipiga mstari mmoja juu ya maandishi, mwembamba, namba ikaendelea kusomeka chini yake. Pembeni akaandika kwamba kipimo kilikuwa cha mtu mwingine, akatia tarehe na sahihi. R80 ikabaki kama alivyosema mwanzo, habari ya zamani.

"Na ya huyo mwenzio?" akauliza.

"Hana faili."

"Atakuwa nalo. Niambie jina."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kusema yangu ilikuwa aibu tu. Nililitaja jina la Mangi, na daktari akampigia simu Swabir nikiwa nimesimama pale pale.

Mvua ilikuwa imepumzika na watu wamerudi mashambani. Niliporudi nikaikuta pikapu imesimama kando ya mistari. Swabir alikuwa anamwambia Mangi kwa upole, "Panda, bwana, ni kupimwa tu, jioni umerudi." Mangi akaniona nikishuka trekta. Hakupiga kelele. Alilichomeka panga ardhini mbele ya miguu yangu, akapanda nyuma ya pikapu, akageuza uso upande wa pili.

14 Aprili

Jana jioni hakurudi. Wamemlaza. Swabir anasema damu yake ni mbaya lakini mashine bado, dawa zinaweza kushika.

Kambi nzima inajua. Nikipita wanauliza, "Leo unamwuzia nani mkojo, mzee?" Mwingine amesema nilimchongea ili nichukue mstari wake. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea.

15 Aprili

Swabir amenirudishia kazi ya kukata. Mstari alionipa ni wa Mangi.

16 Aprili

Nimekata. Hakuna aliyeniamkia, hata kwa mzaha.

17 Aprili

Mkojo sina haja ya kuuandika tena. Naandika kwa sababu mkono umezoea, na daftari halinigeuzii uso.

18 Aprili

Barabara imekatika kwa matope, malori hayapiti. Kiwanda kimefungwa mpaka mvua ziishe. Watu wanafunga virago.

Swabir amekuja mlangoni, akakataa kukaa. Akasema, "Msimu ujao pipa litahitaji mtu." Nikamwuliza kama kampuni itamkubali Mangi. "Mimi ndiye ninayeandika majina," akasema. "Nimesema pipa litahitaji mtu. Sijasema nani." Akaondoka na mwavuli wake.

Nimefunga vitu vya Mangi. Shati mbili, soksi za mdogo wake, redio. Vidonge vya mgongo nilivyovikuta chini ya mto nimevitia chooni.

20 Aprili

Kesho natakiwa nipande gari la kwenda kwetu. Nitapitia Msambweni kwanza. Huenda akanitupia redio. Na anitupie.

21 Aprili

Askari wa wodi alinizuia mlangoni. Akasema saa za wageni zimekwisha, wanaoingia ni ndugu tu. Nikamwambia basi ampe mzigo huu mgonjwa anayeitwa Mangi, mtu wa Kinango, mimi nitakwenda zangu.

Akanipima kwa macho mpaka ugokoni. "Wewe ndiye mwenye kovu la panga? Amesema ana ndugu atakuja na kovu la panga, mrefu, mwenye uso wa kulaumu. Ameniambia hivyo kila siku tangu Jumatano. Umechelewa wapi?"

Akafungua mlango, nikaingia.

Mangi alikuwa amekaa kitandani. Uso umepungua, umekuwa mwembamba, ndio uso wake wa kweli niliokuwa nimeusahau. Hakuniamkia. Nikaweka mzigo chini, redio juu yake. Nikamwambia habari ya pipa. Akatazama dirishani.

"Watu wataniita mama," akasema.

"Utaitikia marahaba. Utazoea."

Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuaga alipoinama chini ya kitanda akatoa kichupa, kimejaa mpaka mdomoni, akaninyooshea.

"Wauguzi wamekimbia huku na huku tangu asubuhi. Kipeleke maabara. Njia unaijua."

Nikakipokea. Kilikuwa cha moto bado.

"Na safari hii usikosee jina la mwenyewe," akasema, na mdomo ukamcheza kidogo upande mmoja.

Pale maabara yule yule aliyenisimamia mlangoni mwa choo alinitambua mara moja. Akakitazama kichupa, akanitazama mimi, kalamu juu.

"Wa nani huu, mzee?"

Nikamtajia jina la Mangi, na la babake, na la babu yake, na kijiji, polepole, nikangoja mpaka akaandika lote.